Nyumba Kisiwani: Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei

Barua nyingi zilizotufikia safari hii ni za wasomaji wanaotaka kununua nyumba kwenye kisiwa cha shamba: kisiwa kisicho na mji, chenye gati moja au mbili, visima vya watu binafsi, na umeme usiofika kila mlango. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Mtaona tunarudi kila mara kwenye maji, ya kunywa na ya bahari, na tunafanya hivyo kwa makusudi. Vyumba na rangi hurekebishika. Kisima kilichoingia chumvi na njia isiyopitika maji yakipwa utaishi navyo miaka yote.

Nimepata nyumba ya vyumba vitatu, hatua kama mia mbili kutoka ufukweni. Muuzaji anasema kisima hakijawahi kukauka wala kuingia chumvi. Nimeonja maji, ni matamu kweli. Je, inatosha?
*Mnunuzi wa mara ya kwanza*

Haitoshi, ndugu yetu. Umeonja ndoo moja ya siku moja.

Kwanza elewa maji hayo yamekaaje ardhini. Mvua ikinyesha kisiwani huzama, kisha huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Huelea kwa sababu ni mepesi kidogo: lita ya maji matamu ina kilo 1, ya bahari ina kama kilo 1.025. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokipa kisima chako uhai. Kanuni inayoitwa kwa majina ya Ghyben na Herzberg, walioieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita, inasema kwamba kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban sentimita 40 za maji matamu chini yake. Sasa igeuze. Ukivuta maji mpaka uso wa kisima ushuke sentimita 10, na ukauweka hapo kwa muda, chumvi iliyo chini inaweza kupanda hadi mita 4. Ndiyo maana kisima kinaweza kuwa kitamu mikononi mwa mzee mmoja anayeteka ndoo mbili kwa siku, kikaharibika mwaka uleule anapoingia mtu wa watoto wanne na pampu ya umeme.

Kwa hiyo kipime kikiwa katika hali ngumu kuliko zote: mwisho wa kiangazi, siku za bamvua (mwezi ukiandama au ukiwa mpevu), maji ya bahari yakiwa yamejaa. Vuta kwa pampu saa 2 mfululizo, kwa kasi utakayoitumia ukihamia. Jaza chupa tatu: ya kwanza mwanzoni, ya pili baada ya nusu saa, ya tatu mwisho. Kipimo kidogo cha mkononi cha chumvi iliyoyeyuka kitakupa namba kwa miligramu katika lita. Chini ya 600 ni maji mazuri. Yakipita 1,000 wengi huyakataa mdomoni. Kumbuka maji ya bahari yana kama 35,000, kwa hiyo sehemu 2 tu za bahari katika 100 zinaongeza 700.

Chupa ya tatu ikiwa na chumvi kuliko ya kwanza, hicho kisima kina kikomo na umekiona. Kuna atakayekushauri ukichimbe zaidi. Usikubali: ukienda chini unaifuata chumvi ilipo. Dawa yake ni kuvuta polepole, pampu ndogo ijaze tangi kwa saa nyingi, au visima viwili vifupi vilivyoachana kuliko kimoja kirefu.

Chupa nyingine, iliyo safi na kufungwa vizuri, ipelekwe maabara kupimwa vijidudu vya kinyesi. Ikae kwenye sanduku la barafu na ifike ndani ya saa 24, la sivyo majibu hayatakuwa na maana. Panga safari ya boti kwanza, ndipo uteke.

Nyumba tuliyoipenda haina kisima. Ina matangi mawili ya lita 5,000 ya kukinga mvua. Tuko wanne. Yatatosha?
*Mama wa watoto wawili*

Dada, anza na siku za ukame; vyumba na bomba vitasubiri. Uliza majirani wasiouza kitu: mvua ikikatika, hukatika kwa siku ngapi? Tuseme 90. Watu wanne wanaojibana, kila mmoja lita 50 kwa siku za kunywa, kupika, kuoga na kufua, wanatumia lita 200. Kwa siku 90 ni lita 18,000. Matangi yenu yakiwa yamejaa mpaka juu yataisha siku ya 50. Ongezeni sehemu moja ya tano kwa mwaka mbaya, mnafika karibu lita 22,000. Maana yake mnahitaji zaidi ya mara mbili ya mlichoonyeshwa, na hiyo ni hoja halali ya kupunguza bei.

Paa nalo lina hesabu yake. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Pimeni eneo ambalo paa linafunika ukiliangalia kutoka juu; msipime urefu wa mteremko, mtajidanganya. Toeni asilimia 15 ya yanayorukia nje na kukauka. Paa la mita 100 za mraba mahali penye milimita 1,000 kwa mwaka linatoa lita 85,000, na ninyi mnahitaji 73,000. Mnapona. Mahali penye milimita 700 paa hilohilo linatoa 59,500, na hapo tangi hata liwe kubwa vipi halitajaa. Ongezeni paa: jiko, banda, ukumbi wa nje.

Yanayoharibika ni madogo, nayo huharibika kwa pamoja. Mfereji wa paa ushuke nusu hadi sentimita 1 kwa kila mita, la sivyo maji yanatuama na mbu wanazaliwa humo humo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, kwa sababu karibu na bahari paa limebeba vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyoletwa na upepo. Lita 1 kwa kila mita ya mraba ni kiasi cha chini, yaani lita 100 kwa paa letu la mfano. Kiangazi kikiwa kirefu mwageni mara mbili yake. Bomba la wima lililozibwa chini, lenye tundu dogo la kujimwaga taratibu, linafanya kazi hiyo lenyewe bila mtu kukimbia mvuani. Tangi lisipitishe mwanga, maana mwanga huzaa ukijani. Bomba la kutolea liwe sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Na kati ya matangi yaliyounganishwa wekeni valvu: moja likipasuka usiku bila valvu, asubuhi yote ni matupu.

Msingi nao uangaliwe. Lita 5,000 ni tani 5. Mchanga mtupu uliosawazishwa kwa koleo hauzibebi kwa muda mrefu. Upande mmoja utazama na bomba litakatika shingoni.

Maji ya kunywa yachemsheni, au tieni dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita, msubiri dakika 30. Yakiwa na uchafu yachujeni kwanza kwa kitambaa, kisha matone 4.

Nyumba imepakwa rangi mpya ndani na nje, inang'aa. Bei iko chini ya zile za jirani. Ninaogopa rangi hiyo imeficha kitu. Nitajuaje?
*Mwenye wasiwasi*

Woga wako una msingi. Adui wa nyumba ya pwani ni chumvi, na rangi mpya huificha kwa miezi michache tu.

Anza na zege lenye nondo: nguzo, boriti, sakafu ya ghorofa, kingo za juu ya madirisha. Chumvi ikifika kwenye nondo, iwe imetoka kwenye mchanga wa ufukweni uliotumika kujengea, kwenye maji ya kuchanganyia au kwenye upepo wa miaka mingi, chuma kinaota kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, mara mbili na zaidi, na haina pa kwenda ila kulisukuma zege. Kwa hiyo tafuta ufa ulionyooka unaofuata nondo, hasa kwenye kona za nguzo upande wa bahari. Tafuta mstari wa rangi ya chai unaoteremka kutoka kwenye ufa. Kisha chukua nyundo ndogo ugonge nguzo kutoka chini kwenda juu, kila baada ya kiganja kimoja. Zege zima hutoa sauti kavu, kali. Lililoachana na nondo linalia kama debe tupu. Chora kwa chaki kila palipolia hivyo. Ukimaliza, rudi nyuma uangalie: chaki ikiwa imetapakaa, hayo si matengenezo tena, ni kuvunja na kujenga upya.

Sehemu moja au mbili hutengenezeka. Fundi avunje zege mpaka nyuma ya nondo, asafishe kutu yote mpaka chuma king'ae, nondo iliyolika sana aifunge mpya pembeni, kisha azibe kwa zege la mchanga safi wa nchi kavu. Unene unaofunika nondo usipungue milimita 50 mahali panapopigwa na upepo wa bahari. Fundi anayepaka plasta juu ya ufa na kuondoka amekuuzia mwaka mmoja tu.

Ukuta ni habari nyingine. Chumvi ya bahari hunywa unyevu hewani. Hewa ikipita kama asilimia 75 ya unyevu, chumvi iliyo ndani ya plasta inaanza kulowana yenyewe. Ndiyo sababu ukuta uliopigwa plasta ya mchanga wa ufukweni huonekana unatoka jasho siku za mawingu, kisha jua likitoka unatoa unga mweupe na rangi inavimba malengelenge. Kuna jaribio la bure: bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 ukutani, uzibe kingo zote kwa gundi ya utepe, ukiache siku 2. Matone yakiwa upande wa chumba, ni unyevu wa hewa tu, fungua madirisha. Yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Fanya hivyo sehemu ya chini karibu na sakafu na tena kwenye kimo cha kifua. Chini kukiwa kumelowa na juu kukavu, maji yanapanda kutoka msingini. Kote kukiwa kumelowa, shuku mchanga wenyewe. Plasta ya namna hiyo hubanduliwa yote. Kuipaka rangi isiyopitisha maji hufungia unyevu ndani na kuusukumia ukuta wa pili.

Paa lipandiwe. Usiridhike na kuliangalia ukiwa chini. Mabati huanza kuoza palipopandiana na penye misumari, upande ambao mvua haiufikii kuosha chumvi. Chini ya upenu ni pabaya kuliko juu. Ukiwa huko choma mbao za paa kwa bisibisi: ikizama bila kulazimishwa, mbao imeliwa. Njia za udongo mwembamba zinazopanda ukutani au kwenye nguzo ni za mchwa. Vunja kipande kidogo, urudi kesho. Zikiwa zimezibwa upya, wamo.

Na ukikuta paa la zamani la vigae vya saruji vya kijivu vyenye mawimbi, usiviguse wala kuvikata kabla mtu anayefahamu asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, hajaviangalia.

Vitasa na bawaba zangu hazimalizi mwaka. Ninunue za aina gani?
*Aliyechoka kubadilisha*

Chuma kisichoshika kutu cha namba 316. Hicho kina molibdenamu ndani yake na ndicho kinachostahimili chumvi. Namba 304, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, itatoka madoa ya rangi ya chai mapema. Chukua sumaku ikusaidie kukataa chuma kilichopakwa tu, ingawa sumaku haiwezi kukutofautishia 304 na 316. Hapo tazama alama au amini muuzaji. Shaba nyeupe na nyekundu pia hudumu. Usichanganye metali: skrubu ya chuma kisichoshika kutu kwenye fremu ya alumini, bila kipande cha plastiki katikati, huila alumini pale zinapogusana. Ndani ya kitasa weka unga wa risasi ya penseli, usitie mafuta, maana mafuta hushika chumvi na vumbi. Kisha osha bawaba, makomeo na vyuma vya madirisha kwa maji matamu mara moja kwa mwezi, hasa vilivyo chini ya kivuli cha upenu. Hiyo ndiyo kazi watu huisahau, nayo ndiyo inayorefusha maisha ya vyuma kuliko aina yoyote utakayonunua.

Picha za dalali zinaonyesha maji mpaka kwenye ngazi za bustani, na boti imefungwa hapo. Tutaweza kweli kuingia na kutoka kwa boti muda wote?
*Familia inayopenda uvuvi*

Picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Dalali gani atapiga tope? Ombeni jedwali la maji la bandari ya karibu, mtafute siku ambayo maji yatapwa kuliko siku zote za mwezi, mwende siku hiyo. Siku za bamvua bahari hujaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu tofauti hupungua. Bamvua hurudi kila baada ya siku 15 hivi. Maji kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25 kwa pwani nyingi, kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Mtoto aliyevuka kwenda shule saa moja asubuhi Jumatatu bila shida huenda Ijumaa akakuta tope saa hiyohiyo.

Kati ya kupwa na kujaa, maji hayapandi sawasawa. Mabaharia hugawa tofauti ya kupwa na kujaa katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa tofauti ya mita 3, hiyo ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50, 25. Boti yenu ikihitaji sentimita 60 na sakafu ya bahari mbele ya ngazi ikawa sawa na usawa wa maji ya kupwa, mnaanza kuelea katika saa ya pili tangu yaanze kupanda, wala si mapema. Sakafu hiyo ikiwa mita 1.5 juu ya usawa huo, ngojeni mpaka saa ya nne. Pimeni kwa mti wenye alama siku hiyo ya kupwa. Dakika 20 za kazi zinawapa jibu la mwaka mzima.

Mkikuta gati, ulizeni ni la nani na nani hulitengeneza. Gati la jirani linatumika kwa hisani, na hisani haiandikwi kwenye hati.

Nyumba ni ya ndugu watano waliorithi. Mmoja ndiye anayeuza na ana hati mkononi. Kiwanja kinashuka mpaka baharini na njia inapita shamba la mtu mwingine. Nitie saini?
*Mwenye fedha tayari*

Bado, tafadhali. Kuwa na karatasi mkononi si kuwa na ruhusa ya kuuza. Nenda ofisi ya usajili wa ardhi mwenyewe, uombe upekuzi wa kiwanja hicho, uone jina lililoandikwa, deni la benki kama lipo, na zuio lolote. Jina likiwa la marehemu, mirathi ikamilike kwanza, na warithi wote watano watie saini au watoe idhini ya maandishi iliyoshuhudiwa. Aliye ng'ambo asiyeonekana leo ndiye huja kudai miaka mitatu baadaye. Mwanasheria awe wako. Msitumie mmoja na muuzaji. Arbuni akae nayo mwanasheria mpaka masharti yatimie.

Mpaka wa baharini una utata wake. Nchi nyingi huhesabu ufukwe unaofunikwa na maji kuwa mali ya umma, na sheria za ujenzi huweka umbali wa kuacha kutoka alama ya maji ya juu. Pata kipimo hicho kwa sheria ya nchi yako. Kisha mpimaji ardhi ayatafute mawe ya mipaka moja moja na kulinganisha eneo la leo na lile la kwenye hati. Jiwe la upande wa bahari likiwa limezama au halipo, huenda unalipia ardhi ambayo tayari imekwenda.

Njia ya kupita shamba la mtu iandikwe kama haki ya kudumu inayoifuata ardhi, yenye upana wake. Mita 3 zinapitisha mkokoteni wa mizigo. Mita 1 inapitisha mtu na ndoo tu.

Ukingo uko mita 12 kutoka ukumbini. Jirani amejenga ukuta wa mawe kuzuia mawimbi. Nijenge na mimi?
*Anayependa mandhari ya bahari*

Kabla ya ukuta, jua kasi. Tafuta picha za angani za miaka tofauti, zinapatikana mtandaoni kwa maeneo mengi, upime umbali wa ukingo kutoka kitu kisichohama, kama kona ya nyumba. Ukingo uliorudi mita 6 kwa miaka 20 umerudi sentimita 30 kwa mwaka, na mita 12 zako ni za miaka 40 mambo yasipobadilika. Lakini yanabadilika: usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka. Tena ukingo haurudi kidogo kidogo kila mwaka. Hutulia miaka kumi, kisha dhoruba moja inachukua mita 4 usiku mmoja.

Ukuta wima hurudisha nguvu ya wimbi chini, mchanga wa mbele yake unachotwa, msingi unabaki mtupu na ukuta unalala. Wimbi linalofika mwisho wa ukuta hugeukia kiwanja kinachofuata, na kwa maelezo yako hicho ni chako. Angalia mwisho wa ukuta wa jirani: ukingo ukiwa umelika kwa umbo la mundu, madhara yameanza. Hapo zungumzeni mapema muwe na mpango mmoja wa pwani yote. Mikoko na mimea ya ufukweni iliyopo isiguswe hata kama inaziba mandhari. Ukingo ulio wazi kabisa, uliofyekwa ili bahari ionekane vizuri kwenye picha za kuuzia, ni sababu ya kutosha ya kutafuta nyumba nyingine.

Umeme haufiki. Tunataka friji, taa na simu tu. Sola ya ukubwa gani?
*Wastaafu wawili*

Friji ndogo nzuri hula karibu uniti 1 (wati-saa 1,000) kwa siku. Taa 5 za wati 8 kwa saa 5 ni wati-saa 200. Wekeni 300 za simu, redio na feni ndogo. Jumla uniti 1.5. Mahali penye jua kamili la saa 5, mkitoa asilimia 30 inayopotea njiani, mnahitaji paneli za wati 430 hivi. Nunueni 500 au 600 kwa siku za mawingu. Betri zibebe siku 2, yaani wati-saa 3,000. Betri za asidi zisishushwe chini ya nusu, kwa hiyo ziwe za 6,000, sawa na amp-saa 250 kwa volti 24. Za lithiamu hushuka mpaka asilimia 20, kwa hiyo karibu 3,800 zinatosha, ni nyepesi kubebwa kutoka gatini, na haziongezewi maji.

Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa matumizi ya nyumbani) na betri zikae chumba chenye hewa kisichoelekea bahari. Maungio ya nyaya ndiyo hufa kwanza: kijani kikionekana kwenye shaba, kata, safisha, funga upya kwa mrija unaobana ukichomwa moto.

Choo kipo upande wa juu wa kisima, mita 10 tu. Nihamishe kipi?
*Msomaji*

Choo. Maji ya ardhini kwa kawaida huenda baharini, kwa hiyo kisima kikae upande wa bara na choo upande wa chini, umbali wa mita 30 ukipatikana. Kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini yanapofika juu kabisa, siku za bamvua wakati wa masika. Mchanga hupitisha uchafu upesi. Palipo na maji karibu sana na uso, shimo halifai: jenga choo kikavu kilichoinuliwa, kinachotenga mkojo na kutumia majivu.

Mama yetu ana kisukari na anataka kuhamia nasi. Ni salama?
*Watoto wake*

Itategemea usiku zaidi kuliko mchana. Ulizeni nani ana boti inayotoka saa nane usiku, huchukua muda gani mpaka hospitali, na hufanyaje maji yakiwa yamekupwa. Majina mawili ni ya lazima, maana mmoja huwa amesafiri. Jaribuni simu ndani ya chumba chake, mlango ukiwa umefungwa, si gatini. Redio ya baharini ya VHF ni akiba nzuri. Chaneli 16 ni ya kuomba msaada dunia nzima.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na iliyoganda itupwe. Aina nyingi zikishaanza kutumika hukaa nje ya friji wiki 4 hivi chini ya nyuzi 30; mfamasia awathibitishie aina yake. Shikeni akiba ya wiki 2 zaidi ya mahitaji, kwa ajili ya siku za bahari mbaya. Nasi tungependa mama aje kwanza akae mwezi mmoja msimu wa upepo mkali, kabla hajauza kwake.

Nina siku tatu tu za kukagua. Nizitumieje?
*Anayesafiri mwezi ujao*

Zichague ziangukie bamvua. Siku ya kwanza kisima, matangi na choo. Siku ya pili nyundo na paa. Nailoni ibandikwe siku ya kwanza asubuhi ili isomeke ya tatu. Siku ya tatu ufukwe maji yakipwa, mawe ya mipaka, na majirani.

Kama utatengeneza chochote, hesabu mizigo ukiwa hapo hapo. Sakafu ya mita 20 za mraba yenye unene wa sentimita 10 ni zege la mita 2 za ujazo: mifuko kama 13 ya saruji ya kilo 50, mchanga karibu mita 0.9 za ujazo, kokoto 1.8, na lita 350 za maji matamu. Ni karibu tani 5, na kila kilo hushikwa gatini, kwenye boti, ufukweni na njiani. Saruji ifike wiki inayotumika, iwekwe juu ya mbao mbali na ukuta na kufunikwa. Ikikaa miezi mitatu kwenye hewa ya bahari imepoteza nguvu hata kama haijaganda.

Kabla hujaondoka, jaza dumu la lita 20 ulibebe kutoka gatini mpaka mlangoni, maji yakiwa yamekupwa. Hesabu mara ulizotua. Mtungi wa gesi, friji na ile mifuko 13 vitatua palepale.